Goti la bandia kutoa usaha: vijidudu vinatoka wapi?

Mkuu mleta mada, umeuliza kwa nini goti la bandia la jirani yako wa Makambako limetoa usaha, wakati watu wanasema mwili umekataa chuma, na kama mama yako mwenye sukari akibadilishwa goti naye yatamkuta. Nimemuuguza mama mkubwa wa Tukuyu kwa shida hiyo hiyo, kwa hiyo nijibu ninachokijua.

Habari ya kukataa chuma iweke kando. Mwili haukitendei chuma kama unavyoitendea figo ya mtu mwingine. Usaha unaletwa na bakteria, na mara nyingi ni stafilokoka, wale wanaoishi kwenye ngozi na puani mwetu bila kutusumbua. Wakishafika kwenye goti la bandia wanajinata na kujifunika utando, kama ule utelezi wa mawe ya mtoni, na dawa haipenyi vizuri humo. Ndiyo maana mtu anameza dozi, homa inashuka, dozi ikiisha shida inarudi pale pale.

Wanaopata haya baada ya kubadilishwa goti mara ya kwanza ni kama 1 hadi 2 kati ya 100. Goti likirudiwa kufunguliwa, hatari inapanda.

Wengine huambukizwa siku ile ile ya upasuaji. Hapo hospitali ina sehemu yake: antibayotiki ya mshipani ndani ya saa 1 kabla ya kuchana, watu wasiingie na kutoka ovyo chumba cha upasuaji, kidonda kinachovuja siku nyingi kisipuuzwe. Lakini mama mkubwa kidonda chake kilipona vizuri kabisa, akawa anakwenda sokoni na mkongojo wake. Mwaka wa tatu, kipupwe kikali, magaga ya kisigino yakapasuka hadi nyama, naye kutwa yuko kwenye viazi na gambuti zenye maji. Mguu ukavimba, ukawa mwekundu mpaka kwenye muundi. Duka la dawa wakampa vidonge, akapata nafuu, kisha goti likaanza kuuma na kuwa la moto. Vijidudu vilipitia kwenye damu.

Madaktari walilalamikia vile vidonge: ukimeza antibayotiki kabla goti halijavutwa maji kwa sindano yakapimwa maabara, kijidudu kinaweza kisionekane. Kwa kuwa muda ulishapita, goti la bandia likatolewa, mahali pake pakawekwa saruji ya kitabibu yenye dawa, wiki kadhaa za antibayotiki, ndipo akapasuliwa tena kuwekewa jipya. Wanaowahi mapema wakati mwingine huoshwa goti tu kwa upasuaji na kubadilishiwa kile kipande cha plastiki kilicho katikati ya vyuma.

Sasa mama yako. Sukari isiyodhibitiwa ni hatari kweli, kwa hiyo ishushwe kwanza hata kama tarehe itasogezwa. Unene mkubwa, sigara, damu pungufu, lishe duni na dawa za steroidi za baridi yabisi navyo vinaongeza hatari. (Aliyeuliza kuhusu VVU: mtu anayemeza dawa vizuri na virusi vimefubaa hanyimwi upasuaji kwa sababu hiyo.) Jino bovu lishughulikiwe kabla, mkojo ukiuma aseme. Na shangazi wasimnyoe mguu kwa wembe nyumbani eti wanamwandaa, kwa sababu vile vijeraha vidogo ndiyo mlango wenyewe. Miguu aipake mafuta kila jioni, kabla na baada, miaka yote.

Maumivu yaliyokwisha yakirudi, goti likavimba au kidonda kikatoa maji, arudi kwa waliompasua, asianzie duka la dawa.

Umetaja kwamba alichomwa sindano ya steroidi kwenye goti mwezi uliopita. Hilo mwambie daktari mapema kabla hajapanga tarehe, maana kwa kawaida wanataka ipite kama miezi 3.