Kwa nini ndege wa Guinness alikuwa tukani?

SWALI: Nasomea usanifu wa michoro. Nimeona mabango ya zamani ya Guinness yenye ndege wa katuni mwenye mdomo mkubwa. Bia ni ya Ireland, ndege ni wa misitu ya Amerika ya Kusini. Walimchagua kwa kigezo gani? Na je, leo naweza kumpa mteja wa bia mnyama wa katuni?

JIBU: Uchaguzi huo ulifanyika London, si Ireland. Guinness ilianza kujitangaza kwenye magazeti ya Uingereza mwaka 1929 kupitia wakala wa matangazo wa London, S.H. Benson, na mchoraji wa wakala huo, John Gilroy, ndiye aliyeleta wanyama. Inasimuliwa kwamba alikwenda kutazama sarakasi, akamwona simba bahari akisimamisha mpira puani, akajiuliza kama glasi ya bia nayo ingekaa. Ikazaliwa bustani nzima ya wanyama, pamoja na mtunzaji wao maskini anayeporwa kinywaji chake kila mara. Kangaruu kaificha Guinness kwenye mfuko wake. Mbuni kaimeza nzima nzima, na umbo lake linaonekana limekwama shingoni. Kwangu mimi hilo la mbuni ndilo bango bora kuliko yote: hata asiyejua kusoma anacheka.

Tukani alitokea 1935, na hakuwa chaguo la kwanza. Gilroy alikuwa amechora ndege aitwaye mwari mwenye glasi saba mdomoni, akifuata shairi la kuchekesha linalosema mdomo wa mwari hubeba chakula cha wiki nzima. Mwari akabadilishwa kuwa tukani kwa sababu ya maneno: jina la tukani kwa Kiingereza, "toucan", linatamkwa karibu sawa na "two can", yaani "wawili wanaweza", kwa hiyo glasi saba zikawa mbili. Sifa za shairi la bango la tukani hupewa mwandishi Dorothy L. Sayers, aliyekuwa mfanyakazi wa Benson. Mimi nasita kidogo, maana alikuwa ameacha kazi hapo miaka kadhaa kabla ya 1935.

Lakini mzaha wa maneno haumfikishi ndege miaka ya 1980, na Guinness ilimtumia mpaka 1982. Mtazame kwa jicho la fani yako. Mwili mweusi, kifua cheupe: ni rangi zilezile za glasi ya Guinness, bia nyeusi yenye povu jeupe juu. Mdomo wa rangi ya chungwa unalivuta jicho, na umbo lote linatambulika hata ukiwa ndani ya basi linalokwenda. Ukifuta jina la bia, bado utajua ni bia gani. Mwari asingeweza kazi hiyo hata angebeba glasi ishirini.

Kuhusu swali lako la pili: tahadhari. Mwaka 1995 Budweiser ilileta Marekani vyura watatu wa televisheni waliokoroma jina la bia kwa zamu. Hawakuwa michoro, walikuwa vikaragosi vya mitambo, ila watoto waliwapenda mno, na lawama zikafuata. Kanuni za matangazo za Uingereza leo zinakataza tangazo la pombe lenye mvuto maalumu kwa walio chini ya miaka 18, na Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010. Soma sheria ya nchi ya mteja kabla hujashika penseli.

Mnyama kama nembo ni jambo jingine. Tembo wa Tusker, bia ya Kenya, aliyewekwa kumkumbuka mwanzilishi wa kiwanda chake, George Hurst, aliyeuawa na tembo mwaka 1923, yuko kwenye lebo na hafanyi vichekesho. Mteja aking'ang'ania mnyama, anzia hapo: kichwa peke yake, rangi chache, bila macho makubwa wala tabasamu.