Perege kwenye mfereji mpya wametoka wapi?

Mkuu uliyeuliza kuhusu mfereji wa bustani kule bonde la Mpiji, uliochimbwa Septemba na kufika Mei umejaa perege wasiopandikizwa na mtu: wamekuja na maji ya mto. Ndege, wanaodaiwa kuleta mayai ya samaki, wanasingiziwa. Kweli, Hungaria mwaka 2020 watafiti waliwalisha bata mayai ya samaki jamii ya kapu (carp), na asilimia 0.2 hivi yakatoka mazima kwenye kinyesi. Lakini perege jike huyabeba mayai yake mdomoni, na vifaranga pia hadi wajitegemee. Bata atayaokota wapi?

Kwa hiyo jike mmoja aliyejaza mdomo akipita banioni, yaani mlango wa kuingizia maji ya mto, wakati wa masika, anatosha kuanzisha ukoo mzima. Maji ya pampu nayo si salama, kwani vifaranga wengine hupenya wakiwa hai.

Kambale ana kiungo cha kupumulia hewa, na usiku wa mvua hutambaa kwenye majani mabichi mpaka dimbwi jingine. Ila kufika si kuzaliana. Mayai yake hunata kwenye nyasi zilizofunikwa na maji mapya, na kwenye joto letu huanguliwa ndani ya siku moja na nusu. Mfereji wa zege usio na nyasi utakupa kambale wakubwa watupu. Perege naye huchimba kiota cha duara kwenye mchanga au tope, kwa hiyo kwenye zege wachunguze pale konani tope linapojikusanya.

Kujua kama wamekita makazi, kokota chandarua. Saizi moja tu ni wageni wa mafuriko. Ukiona vifaranga, wa ukubwa wa kidole na wazazi pamoja, wanazaliana, na wakibanana watadumaa na kutaga wakiwa wadogo.

Kuwazuia, usiweke wavu bapa mdomoni mwa bomba. Majani huuziba, maji yakapita juu na samaki wakafuata. Funga mfuko wa wavu wa tundu la milimita 1, urefu mita 2, pale maji yanapoingilia, uuoshe kila siku masika yote. Ukikausha mfereji, chota vidimbwi vyote kwa ndoo, kisha uache jua lipasue tope, maana kambale hujificha humo.

Na tafadhali sana: samaki wa mitaro inayopokea maji ya vyoo na viwanda, kama ile inayoingia mto Msimbazi wa Dar es Salaam, wasiliwe, hata wakinona.