Maswali ya Wasomaji: Katanga Ilisimamaje Miezi Thelathini?

Toleo lililopita tuligusa kwa ufupi kujitenga kwa jimbo la Katanga kutoka Kongo, kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963. Barua nyingi mlizoleta zinauliza habari za askari na silaha, nasi tumechagua tano.

Ndugu Mhariri, Kongo ilipata uhuru 30 Juni 1960, Katanga ikajitenga 11 Julai. Ndani ya siku kumi na moja jeshi walilitoa wapi? — Msomaji, Morogoro

Walirithi jeshi lililovunjika, wakaliunda upya kwa mikono ya Wabelgiji. Force Publique, jeshi la kikoloni, lilikuwa na askari wapatao 25,000 lakini hakuna Mkongo hata mmoja aliyekuwa afisa. Tarehe 5 Julai mkuu wake, Jenerali Janssens, aliwaandikia askari ubaoni kwamba baada ya uhuru ni sawasawa na kabla ya uhuru. Maasi yakalipuka, na katika siku chache yakafika Elisabethville, mji tunaouita Lubumbashi leo.

Tarehe 10 Julai wanajeshi wa Ubelgiji waliingia mjini humo bila idhini ya serikali ya Patrice Lumumba. Kesho yake Moïse Tshombe, kiongozi wa serikali ya jimbo, akatangaza kujitenga. Fuateni mfuatano huo: wanajeshi wa kigeni walitangulia, tangazo likafuata. Askari waliotoka mikoa mingine walinyang'anywa silaha na kuondolewa. Waliobaki wakawa mbegu ya Jandameri, jeshi jipya la Katanga, chini ya maafisa wa Kibelgiji wakiongozwa na Meja Crèvecoeur. Mamluki walikuja baadaye, kutoka Ubelgiji, Afrika Kusini, Rhodesia, na Wafaransa waliopitia vita vya Algeria. Hawakuwa wengi kama inavyosimuliwa. Uzito wao ulikuwa katika kuongoza vikosi, kuendesha magari ya deraya na kurusha ndege.

Hapa Tabora tunaambiwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga alikuwa Mnyamwezi. Kuna ukweli? — Msomaji, Tabora

Kwa asili ya ukoo, ndiyo. Godefroid Munongo alitoka ukoo wa kitawala wa Bayeke, watu wa Msiri, mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi katika karne ya 19 akajenga dola lake Bunkeya kwa biashara ya shaba, pembe na watumwa. Msiri alipigwa risasi Desemba 1891 na msafara wa Kapteni Stairs, uliokuwa ukimtumikia Mfalme Leopold. Tshombe naye alihusiana na nyumba ya kifalme ya Walunda.

Chama chao, CONAKAT, kilianzishwa 1958. Mwaka mmoja kabla, watu waliotoka Kasai kuja kufanya kazi migodini walishinda chaguzi za miji, na wenyeji wakaona wanatawaliwa na wageni. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli kwa wengi, hata kama kampuni na walowezi waliitumia kwa faida yao.

Fedha zilitoka wapi? Vita havipiganwi kwa bendera. — Msomaji, Mombasa

Zilitoka mgodini. Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya migodi, ilizalisha takriban tani 300,000 za shaba mwaka 1960, pamoja na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia. Kodi na mirabaha iliyokuwa ikienda Leopoldville (Kinshasa), makao ya serikali kuu, sasa ililipwa Elisabethville. Hilo tu. Hapakuhitajika hazina mpya wala mkopo: ilibadilishwa anwani ya mlipwaji, na serikali kuu ikapoteza sehemu kubwa ya mapato yake kwa mkupuo mmoja.

Lakini shaba isiyofika baharini si pesa. Njia zilikuwa nne. Ya kwanza ilishuka kwa reli hadi Port-Francqui, kisha kwa mto hadi Leopoldville. Hiyo ilipita katika ardhi ya serikali kuu. Ya pili ilipita Kabalo hadi Albertville (Kalemie), ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kisha Reli ya Kati hadi gati la Wabelgiji Dar es Salaam, lile wazee wa bandarini wanaliita Belbase. Ya tatu ni Reli ya Benguela hadi Lobito, Angola ya Wareno. Ya nne ni reli za Rhodesia hadi Beira. Vita vilipopamba moto kaskazini, mbili za kwanza hazikutegemewa tena. Zilizobaki zote zilipita kwa watawala wa kikoloni waliokuwa na huruma na Tshombe, ndiyo maana shaba haikukwama. Hata hivyo, hakuna nchi hata moja iliyoitambua Katanga rasmi.

Kwa nini Waluba wa kaskazini walipigana na serikali ya jimbo lao wenyewe? — Msomaji, Kalemie

Kwa sababu hawakukubali kamwe kwamba ni serikali yao. Uchaguzi wa Mei 1960 uliwapa CONAKAT viti 25 kati ya 60 vya bunge la jimbo, na muungano wa BALUBAKAT, chama cha Waluba cha Jason Sendwe, ukawafuata kwa karibu. Sheria ilitaka theluthi mbili ya wabunge wawepo ndipo serikali iundwe. BALUBAKAT wakasusia vikao. Badala ya kuwalazimisha wapatane, bunge la Ubelgiji likabadilisha sheria wiki chache kabla ya uhuru, na CONAKAT ikaunda serikali peke yake. Kwa maoni yetu kosa lililomwaga damu nyingi kuliko yote ni hilo, ingawa vitabu hulipitia haraka.

Vijana wa BALUBAKAT walikata reli na madaraja. Jandameri ikajibu kwa kuchoma vijiji. Umoja wa Mataifa nao ulijikuta katikati: Novemba 1960, doria ya Waayalandi iliyokwenda kuangalia daraja lililovunjwa karibu na Niemba ilivamiwa, na wanajeshi 9 wakafa. Aprili 1961 Katanga ilijaribu kuiteka Kabalo, njia panda ya reli na mto, lakini Waethiopia wa Umoja wa Mataifa wakawakamata mamluki wapatao 30. Tshombe hakuwahi kuishika kaskazini kikamilifu.

Umoja wa Mataifa ulikuwa na maelfu ya wanajeshi. Miaka miwili na nusu yote ya nini? — Msomaji, Bujumbura

Idhini ilikuja kwa vipande. Mwanzoni waliruhusiwa kujilinda tu. Februari 1961, Lumumba akiwa ameshauawa karibu na Elisabethville tarehe 17 Januari, Baraza la Usalama liliruhusu nguvu kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe, kama njia ya mwisho. Kutumia nguvu kuwakamata na kuwafukuza mamluki kuliruhusiwa Novemba 1961, baada ya majaribio mawili. La Agosti lilikwenda vizuri asubuhi yake, kisha likasimamishwa pale makonseli wa nchi za kigeni walipoahidi kuwarudisha maafisa wao wenyewe, lakini wengi walijificha. La 13 Septemba lilishindwa.

Jadotville (Likasi) inaonyesha sababu. Kombania ya Waayalandi wapatao 155 ilikuwa kilomita zaidi ya mia moja kutoka Elisabethville, ikiwa na silaha nyepesi. Ilishambuliwa asubuhi wakati wa misa. Katanga ilikuwa na ndege moja tu ya kivita iliyokuwa ikiruka, Fouga Magister, na Umoja wa Mataifa haukuwa na hata moja, kwa hiyo ile moja ikatawala anga. Vikosi vya kuwaokoa vilikwama daraja la Lufira. Helikopta moja ilifanikiwa kufika na maji, lakini madebe yalikuwa yamebeba mafuta kabla, hayakunyweka. Siku ya tano wakasalimu amri, bila hata mmoja wao kufa. Usiku wa 17 kuamkia 18 Septemba ndege ya Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld, aliyekuwa akienda kuzungumza na Tshombe, ikaanguka karibu na Ndola.

Marekebisho yalifuata: ndege za kivita kutoka Sweden, India na Ethiopia. Tshombe alisaini mkataba kambini Kitona Desemba 1961 kwamba Katanga ni sehemu ya Kongo, kisha akasema lazima bunge lake liidhinishe, akavuta mwaka mzima. Operesheni ya mwisho ilianza 28 Desemba 1962. Ndege za Sweden ziliteketeza ndege za Katanga uwanjani Kolwezi, Wahindi wakavuka Lufira ingawa madaraja yalikuwa yamelipuliwa, Jadotville ikaingiwa 3 Januari. Tshombe alikuwa ametishia kulipua mitambo na mabwawa ya umeme, hakulipua. Katikati ya mwezi akatangaza mwisho wa kujitenga, na tarehe 21 Kolwezi ikaingiwa.

Maelfu ya askari wa jandameri walivuka kwenda Angola na silaha zao. Tshombe aliwarudisha 1964 alipokuwa waziri mkuu wa Kongo yote, wapigane na waasi wa Simba. 1966 na 1967 wakaasi Kisangani. Waliorudi Angola, pamoja na vijana wapya, ndio walioivamia Shaba (jina la Katanga wakati huo) 1977 na kuiteka Kolwezi Mei 1978.