Herufi Z iliyoikwamisha programu

SWALI: Mhariri, nimeandika programu ndogo ya Python inayopokea kumbukumbu za malipo kutoka mfumo mwingine. Kwenye kompyuta yangu tarehe zinasomeka bila shida, lakini nikiihamishia kwenye seva inakwama na kutoa ujumbe huu: "Invalid isoformat string: '2024-03-05T08:30:00Z'". Msimbo ni ule ule na tarehe ni ile ile. Inakuwaje lugha inayosifiwa kwa utajiri wa maktaba yake sanifu, yaani zana zinazokuja nayo, ishindwe na jambo dogo kama hili? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, msimbo wako hauna kosa. Angalia toleo la Python lililo kwenye seva, nawe utakuta liko chini ya 3.11. Fanksheni ya fromisoformat iliingia katika moduli ya datetime kwenye toleo la 3.7, Juni 2018, ikiwa na kazi finyu: kusoma kile tu kinachoandikwa na isoformat, fanksheni ya kuigeuza tarehe kuwa maandishi, ambayo ilikuwapo miaka mingi kabla yake. Z mwishoni mwa tarehe humaanisha saa za UTC, yaani saa za rejea za dunia. Kwa kuwa isoformat huandika saa hizo kwa +00:00 na wala si kwa Z, herufi hiyo moja ilitosha kuifanya tarehe nzima ikataliwe, hadi toleo la 3.11 lilipotoka Oktoba 2022.

Wasanidi walikuwa na sababu ya kusita kukubali namna nyingine za kuandika tarehe, maana kinachoingia katika maktaba sanifu hakiondolewi kirahisi, na ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa, ni kipana kuliko wengi wetu tunavyodhani. Siku hiyo hiyo ya 5 Machi 2024 inaweza kuandikwa 2024-03-05, au 20240305, au 2024-W10-2, yaani siku ya pili ya wiki ya kumi, au hata 2024-065, yaani siku ya sitini na tano ya mwaka. Namna hiyo ya mwisho haikubaliwi hata na toleo la 3.11.

Wako wanaotaka fanksheni inayokisia yenyewe, kama ilivyo katika dateutil, maktaba ya nyongeza ya Python ambayo si sehemu ya maktaba sanifu. Ukiipa 05/03/2024 bila maelekezo, itaisoma Kimarekani na kukurudishia tarehe 3 Mei. Ukiipa 25/03/2024, itaona kwamba hakuna mwezi wa 25 na kukupa 25 Machi, bila kukuonya. Katika safu moja ya malipo, siku za mwanzo wa mwezi zitageuka na za mwisho zitabaki sawa, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu utakaokushtua. Kwa hiyo naona walifanya vyema kukataa kukisia. Kuiacha Z nje, hata hivyo, kulikuwa kosa: RFC 3339, kiwango cha kuandika tarehe kwenye intaneti, inaitambua tangu 2002, toISOString, fanksheni ya kuandika tarehe katika lugha ya JavaScript, huiandika kila mara, na ombi la kuisoma lilikuwa limewasilishwa kwa wasanidi wa Python tangu 2012.

Ukiweza, pandisha toleo la seva. Usipoweza, badilisha Z kuwa +00:00 kabla ya kuiita fromisoformat. Nakusihi tu usitumie strptime, fanksheni inayosoma tarehe kwa fomati unayoipa, huku Z ukiiandika kama herufi ya kawaida mwishoni mwa fomati, kwa kuwa utapata muda usiojua uko ukanda gani. Malipo yako ya 08:30 UTC yalifanyika saa tano na nusu asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, lakini ripoti itaonyesha saa mbili na nusu. Na yale ya 22:30, ambayo kwetu ni saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 6, yataingizwa kwenye hesabu za tarehe 5.