Mmechanga milioni mbili kusaidia familia za mtaani? Subirini kwanza kununua unga

Mleta uzi, nimekusoma. Mpo wanane, mmechanga milioni mbili, mnataka kusaidia familia zilizochoka mtaani kwenu Manzese, na swali lako ni mnunue nini na mgawe lini. Waliotangulia wamekujibu unga, mchele, mafuta, sabuni. Mimi nitakwenda kinyume nao kidogo, maana hilo mnalotaka kufanya sisi tulishalifanya, na risiti bado ninazo.

Tulianza 2018, Tandale kwa Mtogole. Tulikuwa sita: walimu wawili (mmoja ni mimi), fundi cherehani, jamaa mwenye stoo ya nafaka sokoni, nesi mstaafu na kijana wa bodaboda. Kila mmoja elfu ishirini kwa mwezi. Ilipokaribia Ramadhani tukapitisha bakuli kwa ndugu na marafiki, ikafika laki nane. Tukanunua sembe, maharage, sukari na mafuta, tukafunga mifuko arobaini kwa kamba nyekundu aliyotupa fundi. Majina tukaomba kwa mjumbe.

Siku ya kugawa walikuja zaidi ya mia. Kwenye orodha ya mjumbe kulikuwa na mama mwenye nyumba ya wapangaji sita. Tukagawa hivyo hivyo, tukapiga picha, tukarudi nyumbani tumeshiba sifa.

Jioni nikapita kwa Mangi, mwenye duka la mtaani kwetu, kununua vocha. Juu ya kaunta nikaona mfuko wetu, kamba nyekundu haijafunguliwa, fundo lile lile nililofunga mimi. Nikauliza kwa hasira nani kauuza. Mangi hakubishana. Akatoa daftari lake la madeni, lile kaunta buku lenye jalada lililochanika, akafunua ukurasa wa mama mmoja anayekaanga mihogo: elfu thelathini na nne. "Mwalimu, kanilipa. Nimempunguzia kumi na nne." Mfuko wa elfu ishirini umepokelewa kwa kumi na nne, na yule mama kapata tena mdomo wa kukopa unga kesho. Yaani sisi tulihangaika wiki mbili kumlipa Mangi, tena kwa bei ya hasara.

Nilikasirika siku kama tatu. Nesi ndiye aliyenituliza. Alisema yule mama ana akili kutuzidi, anajua tatizo lake liko wapi, sisi ndio hatukumuuliza.

Tangu hapo tukifika kwenye familia hatuulizi "mnahitaji nini". Ukiuliza hivyo utajibiwa chakula, maana mtu anajua wafadhili huwa wanabeba chakula. Tunauliza "mnadaiwa wapi?" Hapo ndipo mambo yanatoka: kodi ya miezi mitatu imefika, luku ya pamoja hajachangia na wenzake wamemtishia kumkatia waya, mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa mchango, na juu ya yote kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa.

Kwenye kausha damu nikae kidogo. Yule mama wa mihogo alikopa laki moja, rejesho elfu nne mia tano kila siku kwa siku thelathini. Piga hesabu, ni laki na thelathini na tano. Mihogo ikitoka vizuri analipa. Mtoto akaugua siku nne, hakukaanga, faini zikaanza, akakopa pengine kulipa pale. Wakaja wakabeba karai, jiko na meza. Sasa niambieni, mtu aliyechukuliwa karai la kukaangia atalipa kwa kutumia nini?

Hatukumpa hela mkononi. Tulikwenda naye kwa mtendaji wa mtaa, tukaomba yule mkopeshaji aitwe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka anayekopesha awe na leseni, na Benki Kuu (BoT) imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa kampuni za mikopo midogo. Yule bwana alipoulizwa leseni akasema ipo ofisini, ofisini akasema ipo kwa bosi. Yakaisha kwa kulipa salio la ile laki moja tu, bila riba wala faini. Sisi tulitoa elfu thelathini na nane, karai likarudi siku ile ile. Hiyo elfu thelathini na nane ilifanya kazi kuliko ile laki nane yote, na sikutia chumvi.

Msidhani ndiyo dawa ya kila mtu. Kuna baba tulimlipia elfu tisini, wiki iliyofuata kakopa tena kwa mwingine. Halafu zikaenea habari, mkopeshaji mmoja akawa anawaambia wateja "chukua tu, wale wa kikundi watakulipia." Tukajifunza: deni la mtu tunalipa mara moja tu, tunamlipa anayedai moja kwa moja mbele ya mtendaji, na hatutangazi.

Narudi kwa Mangi, maana hapa ndipo penye kiini cha jibu langu. Mwanzoni tulidhani tumepata orodha bora kuliko ya mjumbe: wote walioko kwenye daftari. Nesi akatuharibia furaha. Siku moja amekaa pale benchi anakunywa soda, akamuuliza, "Mangi, na uliowakatalia mkopo ni kina nani?"

Mangi alikaa kimya, kisha akataja watatu. Babu mmoja na wajukuu wawili. Dada mwenye mtoto mlemavu asiyeweza kumwacha hata dakika kumi, kwa hiyo hana kibarua, kwa hiyo hakopesheki. Na familia iliyopanga chumba bondeni karibu na Mto Ng'ombe, chumba kinachojaa maji kila masika, iliyohamia juzi na hakuna aliyewapeleka kujiandikisha serikali ya mtaa. Kati ya hao watatu hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye orodha ya mjumbe, wala aliyekuja siku ya mifuko arobaini. Kumbe mwenye deni dukani ni mtu ambaye bado anaaminika. Aliyechoka kabisa hata deni hana.

(Atatokea wa kusema daftari la mteja ni siri. Ni kweli, na mimi nilikosea kulisoma. Siku hizi hatugusi daftari, tunauliza swali moja tu la nesi, na tunakwenda kwa mtu kwa kisingizio cha salamu.)

Yule babu alikuwa na miaka zaidi ya sitini na alikuwa ananunua dawa za presha kwa hela ya kuokoteza. Hakujua kwamba mzee asiyejiweza ana msamaha wa matibabu kwenye vituo vya serikali. Kilichotakiwa ni barua ya mtendaji na mtu wa kumsindikiza hadi kwa afisa ustawi wa jamii. Gharama kwetu ilikuwa nauli. Kwa hiyo kabla hamjatoa hela, jueni serikali tayari inatoa nini: TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) na mpango wake wa kunusuru kaya maskini, msamaha wa wazee na wa watoto chini ya miaka mitano, na namba 116 ya bure ukikuta mtoto ananyanyaswa. Hilo la mwisho msijaribu kulimaliza wenyewe kwa vikao vya ukoo. Pigeni simu.

Sare. Ada imefutwa tangu 2016, lakini mtoto haendi shule na ada, anaenda na viatu. Fundi wetu anashona kuanzia Septemba, kitambaa hakijapanda, na anaacha pindo nene ili sketi ya darasa la tatu ifike la tano. Mwaka wa kwanza tuligawa mstarini mbele ya shule nzima. Binti mmoja hakuivaa ile sare hata siku moja. Wenzake walikuwa wanamwita "wa msaada". Sasa mwalimu anamwita mzazi jioni, anachukua kwenye mfuko mweusi kama kaitoa dukani. Kuna kampuni iliyotaka kutupa sare sitini kwa masharti ya bango na picha za watoto, tukakataa. Wawili kati yetu walinuna, na kusema kweli hadi leo sijui kama walikosea.

Usajili ni mwepisi kuliko mnavyoogopa. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkiwa na katiba, muhtasari wa kikao na majina, mtasajiliwa kama kikundi cha kijamii kwenye halmashauri. Ile Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 iacheni mpaka mtakapokua. Akaunti iwe na wasaini watatu, wasiwe mtu na mkewe.

Chakula hatujakiacha kabisa. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya corona, mama ntilie wakakosa wateja na watoto wakawa nyumbani kutwa, njaa ilikuwa njaa kweli. Lakini hatukufunga mifuko. Tulimpelekea Mangi hela, akafungua kurasa kumi na saba mpya. Badala ya kuanza na deni, kila ukurasa ulianza na elfu ishirini na tano juu, na familia inakata yenyewe: leo nusu ya sembe, kesho mafuta ya kupima, keshokutwa sabuni kipande. Yule dada mwenye mtoto mlemavu alichukua vitu vya elfu ishirini na mbili, elfu tatu akaiacha wiki tatu nzima. Nilipomuuliza akacheka, akasema alitaka tu jina lake likae dukani lina kitu.

Kwa hiyo milioni mbili zenu, toeni laki tatu, nyingine ziacheni benki. Jumamosi hii mtume mmoja wenu, mtu mzima anayejua kusikiliza, akakae kwa Mangi wenu na soda. Mkipata majina mawili matatu rudini hapa, nitawaandikia jinsi ya kuongea na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita, maana hilo lina vita yake.