Klabu ya Gofu Kijijini: Kwanza Hatimiliki, Jumba Baadaye

Tangu uwanja wetu mdogo huku Rongai, nje ya Nakuru, uanze kuchezwa, napigiwa simu na watu wa Molo mpaka Kitale wakiuliza jumba la klabu lilikula pesa ngapi. Jumba! Sisi tulinywea chai chini ya mgunga muda mrefu tu, na gofu ikachezwa.

Ulizeni kwanza ardhi imeandikwa jina la nani. Mzee aliyetoa shamba letu alikuwa muungwana, na neno lake lilimtosha kila mtu isipokuwa wakili. Tukasajili klabu kama kampuni isiyogawa faida, tukaenda Bodi ya Kudhibiti Ardhi, inayoidhinisha shamba kuhamishwa, na mzee, mkewe na wanawe wakubwa, hatimiliki ikatoka kwa jina la klabu. Mzee sasa ni marehemu, na hakuna mrithi aliyekuja kung'oa bendera. Kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi mtakifuata kaunti, na NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, watataka tathmini ya mazingira. Anzeni mapema, faili hazina haraka.

Mashimo 9 yanatosha. Mnayazunguka mara mbili mnapata 18, kama wanavyofanya klabu za Njoro na Nandi Bears. Ekari 50 au 60 hivi zitawabeba.

Pesa wekeni kwenye grini, ile nyasi fupi laini inayozunguka shimo. Nyasi ya kikuyu ni nzuri kwa feawei, yaani njia ndefu ya nyasi ya kuelekea grini: ng'ombe hupita, jua huchoma, nayo huchipuka tena. Lakini haina adabu. Hutambaa usiku na mchana kuingia kwenye grini, na pasipo mtu wa kupiga magoti pembeni asubuhi na kisu, akikata vikonyo kimoja kimoja, msimu mmoja wa mvua unatosha kuiharibu grini. Huyo mfanyakazi mwajirini kabla ya meneja. Na fundi akiwashauri mtumie bomba la maji taka la inchi 4 kama kikombe cha shimo, mkatalieni: upana wa shimo ni milimita 108, basi.

Majirani je? Njia ya watoto wa shule ilikatiza uwanja wetu. Hatukuifunga, tuliisogeza nyuma ya ti, pale mchezaji anapopigia mpira wa kwanza, tukaweka kibao. Vijana wa hapo hapo ndio makedi wetu, wabeba mifuko ya wachezaji. Walipeni jioni ile ile kwa M-Pesa, msiwaambie wangoje mwisho wa mwezi.