Gobori la zamani: weka msasa mbali

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nakusanya vitu vya kale hapa Chake Chake, na bunduki kuukuu nazipenda kuliko mpya. Nimepata gobori la fataki, limeshika kutu. Muuzaji mmoja wa Mji Mkongwe kanambia nilisugue kwa ndimu na msasa, kisha nilipake mafuta ya nazi, bei itapanda. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam. Kabla ya yote, ingiza ufito wa mbao mtutuni mpaka ukome, tia alama mdomoni, kisha utoe uulaze juu ya mtutu, alama ikiwa sawa na mdomo. Ncha ikiishia mbali na tundu la fataki, yaani kitundu kinachopitisha moto kwenda kwenye baruti, mna kitu ndani. Baruti kavu huwaka hata baada ya miaka mia. Usichokoe, ita polisi. Na kama huna kibali, polisi utakwenda vyovyote.

Sasa hiyo ndimu. Ushauri huu unaharibu magobori kila siku! Tindikali huingia kwenye vishimo vya chuma, haitoki yote, na kwa upepo wetu wa chumvi kutu nyekundu hurudi upesi. Msasa ni mbaya zaidi, unakula alama zilizogongwa kwenye chuma kuonyesha mtutu ulipimwa wapi. Mitutu ya Liège, Ubelgiji, ina herufi ELG ndani ya umbo la yai. Likiwapo taji juu yake, muhuri ni wa 1893 au baadaye. Alama hizo hazina kina. Ukizisugua unabaki na bomba lisilo kwao.

Rangi ya kahawia iliyoiva na kushikana iache. Ondoa ile nyekundu tu, inayoacha unga kidoleni: tia mafuta mepesi ya cherehani, ngoja siku moja, sugua taratibu kwa nyuzi za chuma namba 0000, zile laini kabisa, futa, rudia. Malizia kwa nta nyembamba. Mafuta ya nazi huchacha, hunasa vumbi na kula chuma. Kitako usikipige vanishi. Wala usiliegemeze gobori kwenye ukuta wa mawe na chokaa, una unyevu na chumvi.

Na wanaosifia mng'ao ndio hao hao wanaouza “bunduki ya Sultani” iliyozeeshwa kwa siki. Kutu ya uongo imeenea sawasawa, hata upande wa chini wa mtutu unaofunikwa na mbao. Skrubu za kichwa cha msalaba zilianza kuuzwa miaka ya 1930, kwa hiyo ukiziona, gobori limeguswa karibuni au limeundwa juzi. Muuzaji akikataa mtutu utolewe kwenye kitako utazame chini yake, usimpe hata shilingi.